Kitanda cha Upande wa Mashariki

Katika ukoo wa Tveito, kule Dakota, mtoto akifikia umri wa kubeba ndoo hufundishwa mambo mawili: kusali na kufunga kamba. Kusali hufundishwa na mama, akipata nafasi. Kamba hufundishwa na yeyote aliye karibu, maana hiyo haingoji nafasi. Ukiuliza sababu utasimuliwa habari za Halvard, aliyekuwa wa kwanza kati yao kuivunja nyika ile kwa plau, na dada yake Gunvor.

Wawili hao walitoka Norwe, ambako shamba la baba lilimwendea kaka mkubwa na wao wakaachiwa baraka. Baraka hailimwi. Wakavuka bahari. Huko Marekani serikali ilikuwa ikigawa ardhi, ekari mia na sitini kwa mtu mzima asiye na mwenzi, mwanamume au mwanamke, bure, mradi ailime na kulala juu yake miaka mitano. Kwenye kulala, serikali ilikazania kama mama mkwe mwenye shaka. Basi ndugu wakachukua viwanja viwili vilivyopakana, na nyumba wakaijenga moja, ya madongo ya nyasi, juu ya mpaka wenyewe. Kitanda cha Halvard kikawa magharibi, cha Gunvor mashariki, na meza ikaupanda mpaka kama mtu aliyepanda punda. Kisima kilikuwa mashariki. Magharibi walichimba mara tatu, wakapata vumbi mara tatu.

"Vuta sahani yako huko," Gunvor alikuwa akisema. "Unakula kwenye ardhi yangu bila kibali."

"Nishtaki, dada."

"Nitakushtaki, ngoja kwanza nimalize kuosha vyombo vyako."

Januari ya mwaka wa tano ilileta asubuhi moja ya jua, laini kama ya Aprili. Gunvor alianika nguo nje, mikono mitupu, akiimba. Halvard alikuwa anakwenda kwa jirani yao, Sivert Myhre, mwendo wa maili mbili, kuchukua nyasi za ng'ombe. Akakosa cha kufungia mzigo. Akaifungua ile kamba iliyotandikwa kutoka mlangoni hadi zizini, kamba ambayo kila nyumba ya nyikani huifunga tangu Novemba, ili tufani ya theluji ikishuka mtu aishike, aende kwa mifugo, na arudi.

"Hiyo kamba irudi leo," Gunvor akamwambia.

"Kwa jua hili? Saa tisa nimefika."

Saa saba mchana, upande wa kaskazini uligeuka rangi ya chuma. Dakika chache baadaye hapakuwa na kaskazini, wala kusini, wala mkono wako mwenyewe mbele ya uso. Halvard alizuiwa kwa Sivert siku mbili. Walimzuia kwa nguvu, wanaume wawili na mke wa Sivert.

Siku ya tatu walimkuta Gunvor, hatua arobaini kutoka mlangoni. Alikuwa amepiga magoti. Mkono wake wa kushoto, aliokuwa akiutumia kwa kila kitu, ulikuwa umeinuliwa usawa wa bega na vidole vimekunjwa. Kati ya vidole na kiganja palikuwa na nafasi.

Nafasi ya unene wa kamba.

Ardhi ilikuwa imeganda kama jiwe, kwa hiyo walimtia kwenye jeneza na kumhifadhi ghalani hadi masika, kama walivyofanya watu wote wa huko. Sivert alipomaliza kupigilia misumari alibaki ameshika nyundo, akanong'ona:

"Imebaki miezi minne miaka mitano itimie, Halvard."

"Sivert, hata hajazikwa."

"Najua, ndugu yangu. Ila kisima kiko upande gani?"

Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuisoma sheria. Walichosoma ni fomu, na fomu iliuliza kama mwombaji amewahi kuondoka kiwanjani; kufa nako wakakuhesabu kuwa ni kuondoka. Watu wale waliiheshimu fomu kama Maandiko, tofauti ikiwa kwamba Maandiko hayana nafasi za kujaza. Wakakubaliana: kwa mtu yeyote wa ofisi, Gunvor yupo, anaumwa kifua. Bila kisima kile, ng'ombe wangekufa kwa kiu na miaka mitano ingekuwa kazi bure.

Kwa hiyo Halvard akaanza kazi ya ajabu. Kila jioni alitandika kitanda cha mashariki, na kila asubuhi alikivuruga, mkaguzi asije akapita na kukikuta hakijalaliwa.

Wiki ya tatu aliamka na kukuta kimeshavurugwa.

Alijiambia amesahau. Kesho yake akakuta mto umebonyea katikati. Akatia kiganja kwenye lile bonde. Lilikuwa baridi. Baridi ya ndani ya kisima.

Halvard alikaa chini, akaelewa. Kwa kitanda kile alikuwa akiiambia serikali kwamba dada yake anaishi pale. Dada yake alisikia. Na Gunvor hakuwa mtu wa kumfanya mdogo wake aonekane mwongo.

Baada ya hapo ikawa kila asubuhi, Halvard akiwa na uji wake, mwanga ukiwa umeshatanda dirishani. Kiganja kikisugua ukuta. Kutoka kitandani hadi mlangoni. Kutoka mlangoni hadi kitandani. Polepole. Usawa wa bega. Kikitafuta. Udongo wa ukuta ukaanza kuingia mfuo.

"Halvard."

Hakuinua macho.

"Kamba iko wapi?"

Kamba ilikuwa bado kwa Sivert. Hakuwahi kuwa na moyo wa kuidai.

Aprili ardhi ililegea. Wakamzika nyuma ya kisima, bila mchungaji wala kengele, maana kengele husikika mjini. Halvard alilala akiomba yawe yamekwisha. Asubuhi shuka la mashariki lilikuwa na udongo mbichi, na mfuo ukutani ulikuwa umezama zaidi.

Mei ikafika. Walikwenda ofisi ya ardhi, Halvard na shahidi wake Sivert, ambaye alikuja kumchukua kwa gari la farasi na njia nzima aligeuka kutazama nyuma. Karani alikuwa mtu mwembamba aliyetafuna kalamu. Alisoma maswali bila kuinua kichwa.

"Je, mwombaji Gunvor Tveito amewahi kuondoka kiwanjani?"

"Hapana, bwana," alisema Sivert. Jasho lilimtiririka. "Hajaondoka. Hata leo asubuhi nimemwona dirishani."

Halvard aligeuka kumtazama. Maneno hayo hawakuwa wamepanga.

Sivert hakuwa akitunga.

Karani alichovya kalamu kwenye wino. Halvard alikifikiria kisima. Akafikiria na kile kiganja, kikisugua ukuta miaka yote ambayo yeye angeendelea kunywa maji yale.

"Futa hiyo," alisema. "Dada yangu amekufa. Tangu Januari. Chukueni ardhi."

Karani alimtazama kwa uchovu wa mtu aliyeharibiwa karatasi.

"Wewe ni nani wake?"

"Mdogo wake."

"Sasa si ungesema mapema, bwana? Mwombaji akifa, mrithi anakamilisha. Ina fomu yake." Akavuta droo. Zilikuwa rundo zima, za samawati, kona zimeingia vumbi. "Haya. Marehemu. Unaliandikaje jina?"

Sivert ndiye aliyelitaja, herufi kwa herufi.

Waliporudi, Sivert alishuka kwake, akaingia ndani, akatoka na kamba. Akaiweka kwenye gari, akampeleka Halvard nyumbani. Halvard aliifunga ncha moja mlangoni, akaikokota hadi kaburini, akasimika msalaba ambao hadi siku ile hakuthubutu kuuweka, na ncha ya pili akailaza tu juu yake. Hiyo hakujiona na haki ya kuifunga.

"Dada," alisema. "Kamba hii hapa. Wameshaandika. Waweza kulala."

Akarudi, akaketi upande wa magharibi. Jua lilikuwa bado juu. Kiganja kikasugua ukuta. Kikafika mlangoni.

Hakikurudi.

Nje, kamba ilikazika. Ikatetemeka urefu wake wote. Kisha ikalegea.

Asubuhi kitanda cha mashariki kilikuwa kimetandikwa, shwari, mto umetuna. Halvard alikikalia kutwa nzima akalia, kwa mara ya kwanza tangu Januari. Hadi siku ile hakuwa amejua kwamba miezi yote ile hakuwa peke yake.

Jioni alitoka kuikunja kamba. Ile ncha aliyoilaza juu ya msalaba ilikuwa imefungwa. Fundo lile la kamba ya zizini, gumu, limepindwa kushoto.

Hakulifungua. Alioa, akazaa, akazeeka. Nyumba ya madongo ikarudi kuwa ardhi. Msalaba umebadilishwa mara mbili kwa kuoza, na mara zote mbili fundo limehamishwa bila kufunguliwa. Kamba ya katani haimalizi miaka kumi nje. Hii wanasema ni ile ile. Na mtoto wa Tveito anapofundishwa kufunga, hupelekwa pale kwanza aiguse, mchana wa Julai, jua likiwaka.

Huuondoa mkono upesi, vidole vikiwa na barafu.