Ua la Mgongoni kwa Mjomba Fermín

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Citlali alimsaidia bibi yake kumwagilia maua katika kitalu chao pale mjini Atlixco. Bibi Eufemia alitangulia na mpira wa maji, mjukuu akafuata akizoa majani makavu na kujibu maswali ya hesabu ambayo bibi aliyatunga papo hapo. Citlali alikuwa na miaka kumi na miwili, na hesabu za bibi alizipenda kuliko za mwalimu.

Jumanne moja bibi aliteleza kwenye matope, akaanguka kwa ubavu. Hakulia, lakini hakuweza kuinuka. Hospitalini, picha ilionyesha kwamba mfupa wa nyonga umevunjika.

"Tutamfanyia upasuaji keshokutwa," alisema Daktari Zamudio, mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole. "Ila akiba yetu ya damu ni ndogo. Familia ilete watu wawili wa kuchangia."

Ofelia, mama yake Citlali, alijitolea, akatolewa damu palepale. Akabaki mmoja.

Macho yote yakamgeukia baba. Baba Evaristo alikuwa na bucha ya nguruwe sokoni. Alikuwa mtu wa miraba minne, aliyeweza kubeba nguruwe mzima begani.

"Mimi... mimi nina kazi," alibabaika. "Halafu, mteja wangu mmoja kaniambia damu ikishatoka hairudi. Mtu anabaki mlegevu maisha yake yote."

"Mimi nimetoa sasa hivi. Mbona nimesimama?" mama akamuuliza.

"Mwache shemeji na visu vyake," akadakia Mjomba Fermín, mdogo wake mama. "Anachinja nguruwe watatu kwa siku, lakini sindano ikimkodolea macho anataka kuzimia! Huyu ni mama yangu. Nitatoa mimi."

Wote walicheka, hata baba, ingawa kicheko chake kilikuwa kikavu.

Jumatano asubuhi Citlali hakwenda shule. Alikaa kwenye benchi nje ya chumba cha damu, baba upande huu, mjomba upande ule. Mjomba alipewa fomu. Alipokuwa akiweka alama kwa kalamu, Citlali alichungulia, akasoma: *Je, umechorwa tatuu katika miezi kumi na miwili iliyopita?*

Miezi miwili tu iliyopita, kwenye sikukuu ya mtakatifu wa mji, mjomba alichorwa ua kubwa jekundu mgongoni. Citlali alikuwepo. Bibi hakuzipenda tatuu hata kidogo, basi mjomba alimnunulia mpwa wake aiskrimu ya embe ili aifiche siri ile.

Mjomba aliandika: *Hapana.*

"Mjomba," Citlali akanong'ona. "Na lile ua?"

"Funga bakuli lako," mjomba akanong'ona naye. "Mimi ni mzima kama chuma. Nikisema ukweli watanifukuza, na bibi yako atabaki vilevile kitandani. Ndiyo unavyotaka?"

Citlali hakutaka hivyo. Alifumba macho, akamwona bibi alivyouma mto kwa maumivu usiku kucha. Je, akinyamaza, si upasuaji utafanyika kesho? Lakini kwa nini waliandika swali lile, kama jibu lake halina maana?

Daktari Zamudio akamwita mjomba ndani. Mlango ulibaki wazi. Citlali alimsikia daktari akisoma majibu moja moja: homa, hapana, dawa, hapana, tatuu, hapana. Mjomba akakunja mkono wa shati.

Citlali alijikuta amesimama mlangoni.

"Daktari," alisema. "Mjomba ana ua mgongoni. Amechorwa juzijuzi."

Mjomba aliinamisha kichwa, masikio yamemwiva kwa aibu. Kisha akasimama na kumpita Citlali bila kumwangalia.

"Bibi yako akipatwa na jambo," alisema, "usije kwangu kulia."

Citlali aliangua kilio. Daktari hakumgombeza mtu. Alimwita mjomba arudi, akafunga mlango, akawakalisha wote, baba pia.

"Fermín, najua umefanya hivi kwa kumpenda mama yako," alisema. "Lakini sikiliza. Sindano ya kuchorea isiposafishwa vizuri, inaweza kumpa mtu ugonjwa. Ugonjwa ukiwa bado mchanga, hata vipimo vyetu vinaweza visiuone. Wewe utajihisi mzima, na damu yako itamdhuru anayeipokea. Huenda akawa mama yako. Huenda akawa mtoto wa mtu usiyemjua, wa kitanda cha jirani."

Mjomba alijifuta uso kwa kiganja. "Sikuwaza hivyo, daktari. Niliwaza mama tu."

Hapo baba Evaristo akakohoa. Jasho lilimtiririka kama mtu aliyesimama mbele ya tanuri.

"Binti yangu ameogopa kuliko mimi, na bado amesema," alisema. "Mimi nitajificha nyuma ya bucha mpaka lini? Nipe hiyo fomu."

Alijibu kila swali kwa ukweli, hata lile lililouliza kama amewahi kuzimia. Alipolala kitandani, alifumba macho kwa nguvu na kuanza kumwomba kila mtakatifu aliyemjua.

"Shemeji, nishike mkono," Mjomba Fermín akamwambia. "Lakini usinivunje."

"Tayari wameanza?"

"Wanakaribia kumaliza, mzee."

Baba akafumbua jicho moja. "Ndiyo hii tu? Mbona nzi wa bucha wananiuma zaidi?"

Daktari alicheka mpaka akashika meza.

Alhamisi bibi alifanyiwa upasuaji, na Jumapili alikaa kitandani akinywa supu. Mjomba Fermín alikuwa wa kwanza kumweleza yote, pamoja na lile ua. Bibi aliweka bakuli la supu pembeni.

"Tatuu iko mgongoni mwako, shauri yako," alisema. "Ila uongo ule ungekuwa ndani ya mishipa yangu mimi."

"Nisamehe, mama." Kisha akamgeukia mpwa wake. "Na wewe nisamehe, Citlali. Mwaka ukiisha nitarudi kutoa, na wewe ndiye utakayenisindikiza."

Bibi alimvuta Citlali karibu, akamshika mkono.

"Anayepokea damu hana namna ya kuikagua, mjukuu wangu," alisema. "Anaipokea kwa kuamini tu neno la aliyeitoa. Kwa hiyo atoaye damu sharti atoe na ukweli wake, na anayeogopa akumbuke kuna mwenzake anayesubiri. Mama na baba yako wametoa damu, wewe umetoa ukweli. Vyote viwili ndivyo vilivyoniponya."