Mtumiaji Talib Ameingia

Kompyuta iliganda kwa mara ya kwanza siku tatu baada ya arubaini ya Mwalim Talib, saa nane kasorobo mchana, Siti akiwa katikati ya somo la mawimbi. Picha ilibaki pale pale. Kishale hakikwenda mbele wala nyuma. Feni ilivuma kwa nguvu, kioo kikawa cheusi, kisha mashine ikajiwasha yenyewe kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Umeme?" Rahma aliuliza kutoka jikoni.

"Umeme upo, mama. Taa inawaka."

"Basi iache ipumzike. Na weye njoo ule."

Rahma alipoingia chumba cha kompyuta kuufunga mlango, akasikia harufu ya udi. Haukuwa udi unaowaka, ulikuwa kama udi uliozimwa kwa maji. Mle ndani hapakufukizwa kitu tangu siku ya kisomo cha hitma. Rahma alifungua dirisha akarudi jikoni, kwa sababu samaki alikuwa anaungua.

Marehemu Talib, mumewe, alikuwa mwalimu wa fizikia hapo kijijini Wingwi. Masomo yote ya miaka minne aliyaandika na kuyachora mwenyewe ndani ya mashine ile, iliyotumia mfumo wa Linux kwa kuwa alisema haishiki virusi ovyo. Mtihani wa kidato cha nne ulikuwa umebakia wiki tano. Rahma mwenyewe aliishia kidato hicho hicho, akaolewa. Alichokitaka wakati ule kilikuwa kimoja tu: Siti, mtoto wake wa pekee, aingie kwenye mtihani na akili yake timamu na atoke amefaulu. Kulia angelia baadaye, akipata nafasi.

Lakini mashine iliganda tena kesho yake, na keshokutwa mara mbili. Ikabidi aitwe fundi.

Fundi Jabir alikuja na pikipiki kutoka Gombani, na hapo ikazuka shida mpya. Rahma alikuwa ndani ya eda, amevaa nguo zake nyeupe, na hakuruhusiwa kuonana na mwanamme asiyekuwa maharimu wake. Kuitoa mashine barazani haikuwezekana, mvua ilikuwa inanyesha. Basi Jabir alikaa nje chini ya dirisha, pazia likateremshwa, na Rahma akashika bisibisi ndani. Wifi yake, Mwanakhamis, alikaa kati yao mlangoni kuchunga heshima.

"Shemeji, ushafungua ubavu? Unaviona vijiti viwili vya kijani vimesimama?"

"Naviona."

"Hiyo ndiyo RAM, kumbukumbu yake. Bonyeza vishikizo vya pembeni, kitoke kimoja. Kwa upole."

"Yakhe," Mwanakhamis akamwambia, "unamwelekeza mtu kutengeneza kompyuta au kuzalisha?"

"Vyote upole, dada."

Walijaribu kijiti kimoja, kisha cha pili. Iliganda kwa vyote. Walipima kumbukumbu kwa programu maalumu tangu asubuhi hadi magharibi, halikuonekana kosa hata moja. Siku nyengine Jabir alileta kisanduku kipya cha umeme, Rahma akakifunga kwa mikono yake. Akapuliza vumbi kwenye feni. Akaangalia joto, likawa la kawaida.

"Inaganda ukifanya nini hasa?"

"Hata nikiwa sifanyi kitu. Nachambua mchele, nageuka, imeganda."

Jabir alifikiri kidogo. "Mashine hii ina daftari lake. Kila linalotokea inaliandika na saa yake. Andika ninavyokutajia, kisha nisomee mstari wa mwisho kabla haijaganda leo."

Rahma aliandika. Maneno yakateremka mengi, akayafuata kwa kidole kama anayesoma juzuu.

"Saa nane kasorobo. Mtumiaji talib ameingia."

Nje Jabir akasogea karibu na dirisha, matone yakigonga bati.

"Soma wa jana."

"Mtumiaji talib ameingia. Wa juzi pia. Wote, Jabir. Na hakuna pahala palipoandikwa ametoka."

"Umefungua kwa jina lake weye?"

"Siku ya mwanzo tu, baada ya arubaini, nimtafutie Siti masomo. Kisha si weye uliyenambia kwa simu nijifungulie jina langu?"

"Pengine ni programu inajiendesha kwa jina lake," Jabir alisema, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka. "Tazama pembeni mwa mstari. Imeandika kaingia kutokea wapi? Kwenye mtandao?"

Rahma aliinamia kioo, akasoma, akasoma tena, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kuhisi ubaridi ukipanda kutoka kwenye mbao za kiti hadi mgongoni, kwa sababu daftari lile halikutaja mtandao wala mashine nyengine yoyote, lilitaja kibodi hii hii iliyo mbele yake, maana yake aliyeingia saa nane kasorobo, wakati yeye anachambua mchele na Siti yuko skuli, alikuwa amekaa hapa hapa, kwenye kiti hiki, na vidole vyake vimepita pale vidole vya Rahma vilipo sasa.

Akainuka taratibu.

"Kibodi," alisema.

"Shemeji," Jabir akanong'ona nyuma ya pazia, "kwa haki ya Mungu, hii si kazi yangu tena." Pikipiki ikawaka hapo hapo na mvua yake.

Mwanakhamis alimleta Bi Mize, mganga wa huko huko Wingwi, mwanamke mfupi mwenye kikohozi. Hakugusa mashine. Alinusa chumba, akaomba maji ya kunywa, akakaa mkekani.

"Si mumeo," alisema. "Maiti hana haja ya kurudi kazini. Huyu ni jini wa kwao, wa elimu, Talib alimrithi kwa babu yake. Amekaa naye miaka, anamsaidia. Bwana wake kafa, hajakabidhiwa kwa mtu. Weye ukaja ukaandika jina la bwana wake. Ukamwita."

"Mie nilikuwa natafuta masomo, Bi Mize."

"Najua. Lakini kaitikia."

Dawa ilikuwa chano, sinia ya sadaka: halua, mayai mawili, marashi na ubani, vipelekwe mchana kwenye pango la mzimu nyuma ya mashamba ya mihogo. Na apeleke aliyemwita.

"Mie nna eda," Rahma alisema.

"Na kule watu wanalima," Mwanakhamis akadakia. "Mjane wa siku hamsini na kitu yumo njiani na chano kichwani? Patasemwa mpaka mjini Mkoani!"

Bi Mize alikohoa muda mrefu. "Basi apeleke wa damu yake. Lakini mie nimesema aliyemwita."

Rahma alikuwa hajalala vizuri wiki mbili. Hakutaka maneno ya watu, hakutaka kufikiri tena. "Siti atapeleka," alisema. "Akitoka skuli."

Siti alipeleka, akarudi na sinia tupu, miguu imejaa udongo. Alisema pango lilikuwa na popo, basi. Siku ile kompyuta haikuganda. Kesho yake haikuganda. Zikapita siku kumi na moja, feni inavuma kwa upole, daftari safi, na Siti akamaliza mawimbi, akamaliza umeme, akaanza mwanga. Rahma akaanza kulala.

Siku ya kumi na mbili Siti alikuwa anachota mchuzi. Saa nane kasorobo mkono ukasimama hewani na upawa. Mchuzi ukadondoka, tone, tone, mpaka ukaisha. Macho yalikuwa wazi, hayapepesi.

"Siti. We Siti! Mwanangu!"

Harufu ya udi uliolowa ikajaa jiko zima. Kisha msichana akapepesa, akamtazama mamaake kama anayemwona kwa mara ya kwanza siku ile, akasema kwa sauti nyororo isiyo na haraka, "Shikamoo mama. Umeamkaje?"

Ikawa hivyo kila siku, na kwa siku mara tatu, mara nne. Skuli walimrudisha, wakasema ana kifafa. Kila alipozinduka alisahau alichokisoma asubuhi. Mtihani ulikuwa umebakia siku tatu.

Rahma alimpigia simu Bi Mize.

"Alimtaka aliyemwita," Bi Mize alisema. "Mumempelekea mtoto."

"Nifanyeje?"

"Mwite tena mwenyewe. Atamwacha. Lakini akija kwako, Rahma, huyo hatoki. Mie ntaweza kumtuliza tu."

"Atanidhuru?"

"Atakukalia."

Rahma alicheka kidogo, kicheko cha uchovu. Ndoa, eda, maneno ya watu: kipi hakijamkalia?

Jumapili, muda mfupi kabla ya saa nane kasorobo, alimkalisha Siti kitandani, akafunga mlango, akaiwasha mashine. Ilipouliza jina hakuandika lake. Aliandika talib, herufi moja moja, na neno la siri alilolijua yeye pekee, na kabla hajabonyeza kitufe cha mwisho Siti nyuma yake alikuwa tayari ameganda, mdomo wazi katikati ya neno, na feni ikaanza kupanda, ikapanda mpaka meza ikatetemeka, na harufu ikaja kutoka kitandani ikipita juu ya bega lake polepole kama pumzi ya mtu anayetaka kusoma naye, na Rahma, badala ya kukimbia, akasogea kidogo kwenye kiti kama anayemsogezea mgeni nafasi.

"Haya kaa," akanong'ona. "Mtoto muache. Ana mtihani."

Akabonyeza.

"Mama?" Siti akasema nyuma yake. "Mbona umekaa ukingoni mwa kiti?"

Usiku ule Siti alisoma mpaka saa nne, hakuganda hata mara moja.

Jumatatu asubuhi Rahma alisimama ndani ya mlango na mwiko mkononi, uji uko jikoni, akamtazama mwanawe anavaa viatu barazani.

"Kitambulisho?"

"Ninacho."

"Rula?"

"Ninayo, mama, nachelewa."

Siti akashika njia. Rahma akafungua mdomo kumuuliza la mwisho.

"Na kalamu, umechukua mbili?"

Siti alikuwa amesimama mbele yake. Viatu vyake vilikuwa na vumbi, shela imelowa jasho. Nyuma yake kivuli cha nyumba kilikuwa kimehama upande wa pili wa uwanja, na ndani kulikuwa na moshi mzito wa uji ulioungua zamani. Vidole vya Rahma vilikuwa vimekauka kwenye mwiko, haviachii.

"Mama," Siti alisema polepole, "nishatoka. Saa nane hii."

Rahma alitazama jua. Akatazama mwiko.

"Umefanya vizuri?"

"Vizuri sana. Maswali yote nimeyajibu."

"Alhamdulillahi," Rahma alisema, akaingia ndani kuiloweka sufuria.