Kifungo Shavuni

Kisa hiki alinisimulia fundi wangu wa kushona juma lililopita, alipokuwa akinipima gauni. Pini alizichomeka kwenye bega la nguo yake mwenyewe, maana siku hizi hazibani tena midomoni, sababu utaiona. Mengine aliyaona mwenyewe, mengine aliambiwa na Kidoti, mtoto wa kaka yake.

Jumamosi moja Kidoti, msichana wa miaka kumi na mmoja, alifagia ua, akaosha vyombo, akafua na kuanika nguo bila kutumwa mara mbili. Wageni walikuwa wamefika: Shangazi, ambaye ndiye fundi huyo, na Babu, seremala mstaafu. Shangazi alikuwa amesema kwamba Jumatatu ataondoka na mtoto mmoja, akakae kwake wiki nzima ya likizo na kujifunza cherehani. Mmoja tu, kwa kuwa kitanda cha ziada kilikuwa kimoja. Kidoti alikitaka, na kaka yake, aliyeitwa Profesa kwa sababu ya miwani, alikitaka vilevile. Babu akaamua kwamba drafti ndiyo itakayosema.

Ubao waliuchora kwenye kipande cha katoni. Kete zilikuwa vifungo kutoka kwenye mkebe wa Shangazi, vyeusi vya Kidoti, vyeupe vya Profesa. Babu ndiye aliyekuwa mwamuzi, ingawa usingizi ulimchukua kabla kete ya tatu haijaliwa.

"Usijali," Profesa alimtania dada yake. "Nikifika kwa Shangazi nitakutumia salamu."

Alikuwa na haki ya kuringa. Alibaki na kete nne, Kidoti tatu, na moja ya zile zake nyeupe ilibakiza hatua moja iwe kingi. Hapo mvua ikashuka ghafla. Mama akaita kutoka jikoni kwamba nguo zianuliwe, Shangazi na Profesa wakatoka mbio.

Kidoti akabaki na ubao, na Babu anayekoroma. Aliitazama ile kete nyeupe. Mkono ukaenda wenyewe. Nyayo zikarudi mapema kuliko alivyotegemea, na gauni halikuwa na mfuko. Akakitupia kifungo mdomoni, akakificha shavuni.

Profesa alifuta miwani, akahesabu kete zake, akahesabu tena. Mwisho akasema labda mvua imemchanganya, akacheza. Kidoti akamla moja, akamla mbili, akamaliza.

Lakini alikuwa amesahau jambo. Katika nyumba ile ushindi haukamiliki mpaka mshindi asimame ajigambe kwa sauti. Ni sheria ya Babu, na kwa majigambo Babu huamka hata akiwa katikati ya ndoto.

"Haya, bingwa," akasema, akijiweka sawa kitini. "Jigambe tukusikie."

Kidoti akasimama, akatikisa kichwa. Babu akamuuliza kama ulimi ameuacha kwenye ubao. Mama akaja na mwiko mkononi ili asikilize. Shangazi akauona uvimbe wa shavu, akadhani ni jino, akasema Jumatatu ni safari ya kwenda kuling'oa kwanza. Kidoti alitaka kukimeza kifungo, lakini kilikuwa kikubwa. Akamtazama kaka yake. Profesa alikuwa akimpigia makofi, kwa moyo wote kabisa. Makofi hayo ndiyo yaliyomshinda.

Akakitema kifungo kiganjani.

"Ni chako, kaka. Nilikiiba ulipokwenda kuanua nguo."

 Tumbo la Babu likaanza kutikisika kwa kicheko, na Profesa naye hakuweza kujizuia. Kifungo kikaoshwa, kikarudishwa mahali pake, kete nyingine zikapangwa kama zilivyokuwa kabla ya mvua, wakacheza upya kutoka hapo. Profesa akashinda kwa haki, akajigamba mpaka miwani ikamdondoka.

Shangazi akamvuta Kidoti karibu. "Shati likikosa kifungo kimoja, mwanangu, hata lipendeze vipi litakuaibisha mbele za watu. Ushindi wa wizi ndivyo ulivyo. Lakini umesema mwenyewe kabla hujaulizwa, na mtu wa hivyo namkabidhi mkebe wangu. Likizo ijayo kitanda ni chako. Na usitie tena kifungo mdomoni, kitakuziba koo."

"Na wewe pini zako, Shangazi?"

Shangazi akajigusa midomo. Nyumba nzima ikacheka.

Usiku Babu alilala wa kwanza. Watu wazima wengine wakafuata, na Profesa naye, huku akijigamba usingizini. Kidoti alikaa na mkebe, akahesabu vyeusi, akahesabu vyeupe, mpaka vikatimia ishirini na vinne. Kisha akalala, wa mwisho nyumbani, kinywa wazi, na ndani yake hamna kitu.