Alama ya Kidole kwenye Shavu la Napoleon

"Jenerali anauzwa leo alasiri," Mkuu alisema simuni.

"Bei yake?"

"Bonde zima."

Simu ikakatika.

Mundu aliacha chai ikifuka mezani, akachukua koti. Hilo si jina alilopewa na wazazi wake. Waliombandika ofisini walijua sababu, na hawakupenda kuisimulia.

Jenerali mwenyewe ni de Gaulle, yule wa Ufaransa. Sura yake ilikuwa kwenye sarafu ya kumbukumbu, zile ambazo watu huzikusanya na kuzitunza lakini hawanunulii hata kiberiti. Hii moja ilikuwa imechongwa ndani ikabaki ganda, na ndani ya ganda mlikuwa na chipu. Mwenye chipu hiyo angeweza kufungua milango ya bwawa kubwa juu ya mji, akiwa amekaa popote duniani, miguu juu ya meza. Wakubwa fulani wa ng'ambo walitaka serikali iwapigie magoti.

Bondeni kuna watu chungu nzima. Mundu alimfikiria mmoja tu. Binti wa marehemu rafiki yake alikuwa anasomea uuguzi, na bweni lao lilikuwa chini kabisa ya ukuta wa bwawa.

Aliichomeka bastola yake ya Glock kiunoni. Akafunga saa ambayo hutetemeka ikikaribia chipu yenye mawimbi ya aina hiyo. Akatoka.

Ukumbi wa hoteli ulikuwa na maonyesho ya wakusanyaji sarafu. Mazulia mazito, taa kali juu ya kila meza, wazee kwa vijana wameinama na lenzi machoni wakinong'ona. Kila mmoja alivaa glavu nyeupe za pamba. Hizo ndizo adabu zao: sarafu hushikwa ukingoni, uso wake hauguswi na mtu, na kuisugua kwa kitambaa ni sawa na kumtukana mwenye mali mbele ya wakwe zake.

Mundu alizijua adabu hizo. Alifundishwa na marehemu rafiki yake huyo.

Wao wawili waliitana Kurwa na Doto, kama mapacha, kwa jinsi walivyoandamana kazini; Mundu ndiye aliyekuwa Kurwa. Doto alikuwa na wazimu wa sarafu za watawala wa Ufaransa: Karoli Mkuu, Louis wa Kumi na Nne, Napoleon. Siku moja binti yake, wakati huo anatambaa, alimbonyeza Napoleon shavuni kwa kidole chenye mafuta. Alama ikaila ile fedha, ikabaki. Mkusanyaji mwingine angelia. Doto alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku hiyo akawa anatembea na sarafu ile mfukoni mwa shati.

Aliungua nayo. Ghala la magendo lilishika moto akiwa ndani, Mundu akiwa nje analinda mlango. Jeneza walikabidhiwa limeshapigiliwa misumari.

Tangu msiba huo Mundu alikuwa akimwona. Kwenye kioo cha lifti, nyuma ya bega lake. Kwenye foleni ya benki. Akigeuka, hayupo. Daktari wa ofisi alisema ni uchovu, akampa vidonge. Mundu alivitupa chooni, maana aliogopa vikifanya kazi rafiki yake hatakuja tena.

"Uko wapi?" Sauti ya Dereva ilimkwaruza sikioni. Mwanamke huyo aliendesha Land Cruiser utadhani wana ugomvi wa siku nyingi.

"Ndani. Wewe?"

"Mlango wa chini, wa mizigo. Harufu ya taka huku, Mungu anisamehe."

Saa ilitetemeka kwenye meza ya pembeni.

Muuzaji alikuwa mtu wa ndevu nyingi, kipara, miwani ya rangi, kovu limemvuta kidevu. Mbele yake, kwenye vikasha vya plastiki vya duara, watawala walikuwa wamepangwa kwa zamu zao. De Gaulle alikuwa wa mwisho.

Kando yake alikuwa Napoleon, na shavuni mwa Napoleon palikuwa na kidole cha mtoto.

Kwanza Mundu alidhani ni yale yale ya kwenye lifti. Akafumba macho, akafumbua. Kidole kilikuwepo.

Basi aliyemuua Doto ndiye huyu, alijiambia. Alimwibia maiti. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakaziba. Lakini muuaji angeuza kitu cha wizi zamani, au angekitupa. Nani angetunza sarafu iliyoharibika, miaka yote hii, na kukifuta vumbi kikasha chake?

Hilo wazo lilimtisha kuliko lile la kwanza.

"Karibu, mzee," muuzaji alisema kwa sauti ya kunong'ona, kama mtu aliyeumia koo.

"Ahsante, ndugu yangu. Mimi mshamba wa mambo haya. Nataka zawadi ya baba mkwe."

Mtu wa suti ya kijivu alikuja kusimama karibu, akajifanya anamtazama Karoli Mkuu. Macho yalikuwa kwa jenerali. Huyo alikuwa Mnunuzi.

Mundu alimfungua Louis, akatoa leso mfukoni, akaanza kumsugua uso kwa nguvu. Meza ya jirani mzee mmoja aliguna kwa uchungu.

Muuzaji aliinua mabega. "Ukiiharibu, umeinunua."

"Hakuna neno." Mundu akaiweka chini. Akamfungua Napoleon. Akaikunja leso, akaishusha shavuni.

Mkono uliudaka mkono wake.

"Kurwa, acha."

Haikuwa sauti ya koo bovu tena. Duniani palikuwa na mtu mmoja tu aliyemwita hivyo, na Mundu alikuwa amemtupia udongo kwa mikono yake.

Walitazamana. Nyuma ya miwani ile macho yalikuwa yale yale.

Mnunuzi hakuwa mjinga. Alimkwapua jenerali, akatimua mbio.

"Kijivu anashuka kwako," Mundu alimwambia Dereva, tayari anakimbia, Napoleon ameshamtia mfukoni bila kujua.

Ngazi za nyuma. Risasi ya kwanza ilichimba ukuta juu ya kichwa chake. Ya pili ilivunja taa. Mundu alisukuma toroli la mashuka machafu, likaporomoka ngazi kwa ngazi, likamkumba Mnunuzi mgongoni na kumtema nje ya mlango wa mizigo.

Nje Land Cruiser ilirudi nyuma kwa kishindo. Bastola ikaruka. Mnunuzi akabaki kabanwa kati ya bampa na pipa la taka, anahema.

"Usijitikise, baba," Dereva alimwambia taratibu. "Mguu wangu mzito."

Mundu alimfungua ngumi. De Gaulle alikuwa mwepesi mno kwa jenerali. Alimbonyeza ukingoni, akafunguka, chipu ikaanguka kiganjani. Akaisaga kwa kisigino mpaka ikawa unga.

"Muuzaji je? Atakuwa ameshafika mbali," Dereva alisema.

"Hajaondoka."

"Umejuaje?"

"Mali yake ninayo mimi."

Alimkuta kwenye stoo ya viti nyuma ya ukumbi, amekaa, glavu bado mikononi. Mlango wa nje ulikuwa wazi. Angeweza kwenda.

"Nipe Napoleon wangu," Doto alisema.

Mundu alimlenga kifuani.

"Walikulipa?"

"Walinipa kuchagua, kufa au kuwafanyia kazi. Nikachagua vibaya, halafu sikuweza kurudi. Hajambo mwanangu?"

"Anasomea uuguzi. Bweni lao liko chini ya bwawa."

Rangi ilimtoka Doto usoni, hata kovu likapauka.

"Waliniambia ni vitisho tu. Wallahi."

"Kila Jumapili anakwenda kaburini kwako na ndoo ya maji. Analisugua. Anakusimulia masomo yake. Mimi husimama pembeni nalia. Mle ndani yumo nani?"

Doto aliinamia glavu zake.

"Nimekuuliza, Doto."

"Mlinzi wa ghala."

"Alikuwa na watu?"

"Alikuwa na watoto. Alinionyesha picha."

Mundu aliegemea ukuta. Kuna watoto mahali fulani walioambiwa baba yao alitoroka.

"Nipige risasi, Kurwa," Doto alisema. "Hapa hapa. Andika kwamba muuzaji alikataa kukamatwa. Mwache mtoto na baba yake aliyekufa vizuri. Nakuomba hilo moja."

Na Mundu alitaka. Asiseme mtu kwamba hakutaka. Kidole kilikuwa kwenye kifyatulio, hakuna ambaye angeuliza, na binti angelala salama na shujaa wake. Alimpenda mtu huyu kuliko ndugu wa tumbo moja, na kumuua ingekuwa huruma.

Ila mlinzi angebaki na jina la mwingine juu yake.

Alirudisha Glock kiunoni, akatoa pingu. Doto aliinua mikono mwenyewe. Alikuwa analia kimya kimya. Mundu alimvua glavu moja, akamwekea Napoleon kiganjani, halafu akafunga pingu.

Kisha akapiga simu.

"Baba mdogo, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Vaa viatu. Dereva wangu anakuja kukuchukua. Kuna mtu nataka umwone kwa macho yako."

"Nani?"

"Baba yako. Yuko hai."

Mundu alisikia pumzi ya binti, na nyuma yake wasichana wa bweni wakicheka ukumbini.

"Kwa hiyo," binti alisema mwishowe, "nimekuwa nikimlilia nani?"

"Baba wa watu. Tutawatafuta watoto wake, mimi na wewe."

Mundu alikata simu, akafunga vifungo vya koti, akamshika Doto bega, akatoka naye kwa mlango wa mbele. Vioo vya lifti vilikuwa vinamtazama. Alipita bila kugeuka.