Mikorosho ya Wakfu

Salama akitoka shule alivua sare, akaianika kambani, akala wali aliofunikiwa na bibi yake chini ya kawa, kisha akabeba jembe na kushika njia ya shamba. Tangu alipoletwa Mahege kukaa na bibi yake ili awe karibu na shule, hizo ndizo zilikuwa jioni zake. Sasa alikuwa darasa la sita. Wazazi wake walikuwa Mbuchi, huko deltani, ambako baba yake, Bashiru, alinunua kaa kwa wavuvi na kwenda kuwauza mjini.

Bibi Mwanajuma alikuwa na mashamba mawili ya mikorosho. Moja lilikuwa bondeni, lenye miti michanga iliyoanza kuzaa juzi juzi tu. La pili lilikuwa kando ya barabara kuu, lenye mikorosho mikongwe aliyoipanda yeye na marehemu mumewe walipokuwa vijana. Matawi ya mikorosho hiyo yalitanda hadi kugusana, na msimu wa mavuno ulipofika, harufu ya mabibo iliwafikia hata wapita njia. Salama alilipenda shamba hilo kuliko kitu kingine chochote pale nyumbani. Hakuna aliyemwambia kuwa litakuwa lake, lakini moyoni alikwisha kujimilikisha.

Ndiyo maana aliduwaa siku Bibi Mwanajuma alipomwita baada ya swala ya alasiri, yeye na baba yake mdogo, Abdulazizi, akawaeleza nia yake. Shamba la barabarani alitaka kuliweka wakfu. Halitauzwa wala kurithiwa. Miti itabaki pale pale, na kila msimu korosho zake zitauzwa kupitia chama cha ushirika, na fedha ziingie kwenye mfuko wa chuo kikuu cha umma, kuwasaidia wanafunzi wa Kibiti na wa deltani wanaokwama katikati ya masomo.

Abdulazizi alijaribu kumgeuza mama yake. Alimkumbusha kuwa kuna mfanyabiashara aliyekuwa akilitamani shamba lile ili ajenge kituo cha mafuta. Alisema chuo cha serikali kina serikali yake, hakihitaji korosho za mjane wa Mahege. Bibi Mwanajuma alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema neno moja tu, kwamba nia akishaiweka haiondoi.

"Na mimi, Bibi?" Salama aliuliza.

"Wewe lako ni la bondeni, mke mwenzangu. Ukilitunza litakutunza."

Salama alikunja uso. La bondeni halikuwa na kivuli cha kutosha hata kuku.

Mwezi wa nane ulifika, na nyasi zikakauka zikawa rangi ya mkate. Huo ndio wakati ambao kila mwenye mikorosho hufyeka ukanda mpana kuzunguka shamba lake na kuzoa majani yote, ili moto ukizuka kwa jirani ukose cha kula na kufia hapo. Bibi Mwanajuma, ambaye magoti yalikuwa yakimsumbua, alimwachia Salama kazi ya kufyeka upande uliopakana na jirani yao, Lucas. Haikuwa kazi ya siku moja, lakini Salama aliiweza; mwaka uliotangulia aliifanya vizuri hadi akasifiwa.

Siku ya kwanza alifyeka kipande kidogo. Siku ya pili Abdulazizi alipita na baiskeli yake, akasimama kumtazama, akacheka kidogo. Alimwuliza kwa nini anajichosha kwa ajili ya watoto wa watu asiowajua. Kisha akaondoka zake. Salama alibaki ameshika kwanja lake la kufyekea, na maneno yale yakamkaa. Alikaa chini ya mkorosho hadi jua likapoa, akarudi nyumbani. Kesho yake akafanya hivyo hivyo. Mwisho wa juma Bibi Mwanajuma alipomwuliza kazi imefikia wapi, alijibu kuwa amemaliza. Bibi alimshukuru na kumwombea dua.

Lucas alikuwa mtu wa bara, aliyehamia Mahege zamani kulima ufuta. Watu walimwita Baba Faraja, kwa jina la binti yake, ambaye alikaa dawati moja na Salama. Mwezi wa tisa alichukua kibali kwa mtendaji wa kijiji, akawapigia hodi majirani wote kuwaarifu siku atakayochoma mabua, akafyeka upande wake hadi udongo ukaonekana. Siku yenyewe moto wake ulikwenda taratibu na kwa adabu. Lakini mchana upepo uligeuka. Cheche zilivuka ukanda wa Lucas, na ng'ambo, mahali ambapo ungekuwepo ukanda wa Bibi Mwanajuma, zilikuta nyasi kavu zilizofika kiunoni.

Salama alikuwa darasani moshi ulipoonekana. Watoto na walimu walikimbia pamoja. Walipofika, watu wazima walikuwa wakiupiga moto kwa matawi mabichi na kuumwagia mchanga, Lucas akiwa mbele yao wote, shati limetoboka kwa cheche. Waliuzima, lakini ulikwisha kuila mistari miwili ya mikorosho upande wa mpakani. Miti iliyokuwa imejaa maua ilisimama myeusi, majani yamejikunja kama ngozi iliyoungua.

Bibi Mwanajuma alifika akiegemea fimbo. Hakulia. Alitembea kutoka mti hadi mti akiugusa kila mmoja, na Salama alitamani ardhi immeze.

Kesho yake mtendaji aliwaita wote barazani kwake. Abdulazizi alisema kwa ukali kuwa Lucas amezembea, na kwamba alipe miti yote au aondoke kijijini. Baadhi ya watu waliitikia. Lucas alisimama, kofia mkononi, akaeleza kwa sauti ya chini kwamba alikuwa na kibali, kwamba aliwaarifu majirani, kwamba upande wake aliufyeka. Hakuna aliyeonekana kumsikiliza. Faraja alikuwa amekaa chini karibu na nguzo, uso ameuficha magotini.

Mtendaji alimgeukia Bibi Mwanajuma. Alitaka kujua kama upande wake nao ulifyekwa.

"Ulifyekwa," Bibi Mwanajuma alijibu bila kusita. "Mjukuu wangu aliniambia amemaliza. Mjukuu wangu hanidanganyi."

Macho ya watu yalimgeukia Salama. Kama angenyamaza, jambo lingeishia hapo. Nyasi zilikuwa zimeungua, na hata Lucas angesema zilikuwepo, nani angemwamini? Alimtazama Faraja. Kisha akamtazama bibi yake, aliyekuwa amekaa wima, ana hakika na alichokisema. Akasimama.

"Bibi, sikufyeka," alisema. "Nilikwambia nimemaliza, lakini sikufyeka. Nilikuwa nakaa tu. Baba Faraja hana kosa."

Abdulazizi aliinamisha macho, maana alikumbuka vizuri alichomwambia mtoto yule siku ile ya baiskeli. Mtendaji alimwambia Lucas arudi nyumbani kwake kwa amani, na waliomshutumu wakaanza kuinuka mmoja mmoja, hawatazamani.

Njiani Bibi Mwanajuma alitangulia bila kumgeukia Salama, na hilo lilimwuma kuliko fimbo. Walipofika kwa Lucas, Salama aliomba wasimame. Aliingia uani, akapiga magoti mbele ya Lucas na mkewe, akaomba radhi, kisha akamwomba radhi Faraja. Faraja alimpa mgongo siku ile. Siku ya tatu ndipo alipomsogezea kitabu chake cha hesabu wasome pamoja, na ikawa basi.

Lililobaki ni wakfu wenyewe. Abdulazizi sasa hakuwa na ukali, ila alisema, kwa upole, kuwa huenda Mungu ameonyesha njia nyingine, na kwamba yule mtu wa kituo cha mafuta bado anauliza. Bibi Mwanajuma mwenyewe aliingiwa na shaka. Angempaje mgeni aliyetarajiwa kutoka chuoni shamba lililoungua?

Mgeni huyo alikuwa Devotha, afisa wa mfuko wa chuo, dada mwenye maneno machache aliyesomea kilimo chuoni hapo hapo. Alikuwa amepanga kuja kuliona shamba, na alikuja. Salama alimwongoza. Hakungoja kuulizwa; alimweleza mwanzo hadi mwisho jinsi moto ulivyopita. Devotha alisikiliza huku akikwangua gome la mti mmoja kwa kisu. Chini ya weusi palikuwa na kijani.

"Mizizi iko hai," alisema. "Mti huu haujafa, umeumia."

Alieleza kuwa miti iliyoungua ikatwe chini, karibu na kimo cha goti. Mvua za vuli zikinyesha, visiki vitachipua, na machipukizi yakikomaa yatabebeshwa vikonyo kutoka mikorosho ya mbegu bora, yaani vijitawi vyake vitaunganishwa hapo ili mti uzae upya. Miti isiyoungua itaendelea kuvunwa, na hiyo inatosha kuanzia. Alisema pia kwamba yeye mwenyewe, alipokuwa mwaka wa tatu, mashua ya baba yake ilizama na ada ikakosekana. Aliyemlipia ni mtu aliyekuwa amekufa kabla yeye hajazaliwa, aliyeuachia mfuko mali ambayo haitumiwi yenyewe, hutumiwa mazao yake tu.

"Serikali inalipa walimu wetu na inatoa mikopo," alimwambia Salama. "Lakini hakuna mwaka ambao hawatokei wanaokwama hata hivyo. Na chuo kinachotaka kuwepo hata baada yetu kinahitaji kitu kinachozaa kila msimu bila kungoja mwaka wa bajeti."

Abdulazizi ndiye aliyeleta msumeno. Alikata visiki siku mbili mfululizo, bila kuagizwa na mtu. Vuli ilipoanza, visiki vilichipua machipukizi mengi mno, na kazi ya Salama ikawa kuyapunguza, kubakiza yenye nguvu, na kuwafukuza mbuzi wa kijiji kizima. Faraja alikuja kumsaidia siku ambazo hakuwa na kazi kwao.

Siku ya kubebesha, Bashiru alipanda kutoka Mbuchi. Salama hakumtarajia, kwa kuwa ulikuwa wakati wa kaa wengi. Alimkuta baba yake amechuchumaa kando ya Devotha, akishika kikonyo huku dada yule akikifunga kwa utepe wa nailoni. Mikono yake, iliyozoea magamba na kamba, ilifanya kazi hiyo polepole na kwa uangalifu mkubwa.

Walipopumzika kula mihogo, Salama alimwuliza kwa nini ameacha biashara yake. Bashiru alitafuna kwanza, akameza.

"Mimi nilifika chuo hicho," alisema. "Sijawahi kukwambia. Nilimaliza mwaka wa kwanza, nikaingia wa pili. Babu yako akaugua, kila kilichokuwepo kikaenda hospitali. Nikaomba kusimamisha masomo mwaka mmoja, kisha nirudi. Sikurudi tena."

Salama alimgeukia bibi yake. Bibi Mwanajuma alikuwa akimenya muhogo, na hakuinua uso.

"Alirudi na sanduku lake," bibi alisema, "akaliweka chini ya kitanda, akaenda zake Mbuchi. Mwanangu hakushindwa masomo. Alikosa mtu wa kumshika mkono kwa mwaka mmoja. Basi nikasema, kabla sijaondoka duniani, mkono huo niuache."

Abdulazizi alikuwa mdogo siku zile, na alikuwa akijua kaka yake alichoka kusoma tu. Alifuta uso kwa kiganja na kwenda kuangalia visiki vya mbali.

Korosho za miti iliyosalia zilivunwa mwezi wa kumi na mbili. Shehe wa kijiji, mtendaji, Lucas na mkewe, na Devotha walikuwepo Bibi Mwanajuma alipotamka nia yake mbele ya watu na kulikabidhi shamba. Kamati ndogo iliundwa ya kuliangalia, na Bibi aliomba Lucas awemo, kwa sababu alikuwa jirani aliyefyeka upande wake. Mwaka uliofuata, msichana mmoja wa Mchukwi, aliyekuwa karibu kuacha masomo ya uuguzi, aliendelea. Salama hakumfahamu, ila alilisikia jina lake likisomwa kwenye mkutano wa kijiji, na kwa namna asiyoweza kuieleza alihisi kama ndugu yake amefaulu.

Lakini jioni ile ya makabidhiano, watu walipokwisha kutawanyika, alikuwa bado na jambo moja moyoni. Alimwuliza baba yake kama Bibi angemwamini tena.

Bashiru alimweka mkono begani. "Siku ile barazani ungeweza kunyamaza, nawe hukunyamaza. Bibi yako ameliona hilo, nami nimeliona. Mali ya watu wengi, iwe shamba, iwe shule, iwe chuo kikuu, haisimami kwa aliyeitoa peke yake. Yeye hutoa mara moja, akapumzika. Anayeitunza kwa uaminifu ndiye anayetoa kila siku, hata kama jina lake halitajwi. Ukizembea upande wako, moto hauulizi shamba ni la nani."

Mwezi wa nane ulipokuja tena, Bibi Mwanajuma hakumtuma mtu kwenda kukagua mpaka ule. Salama aliufyeka wote hadi udongo ukaonekana, akarudi na kumwambia amemaliza, na bibi yake akampakulia chakula.