Kilichokuwa Kinagonga Ndani ya Jiwe

"Toka kwangu, mchawi!"

Mama mkwe ndiye aliyenitamkia hivyo jamani… mama yule yule aliyekuwa ananiita mwanangu!

Nguo zangu ziko nje, majirani wa mtaa wetu wa Nyahanga wamejaa getini. Nikamgeukia mume wangu.

"Masele, sema neno basi!"

Akaangalia chini.

"Nenda tu, Vumilia. Mama anaogopa."

Ngoja niwaeleze ilivyokuwa.

Masele ni dalali wa dhahabu. Sebuleni aliweka tangi la samaki wa maji ya chumvi, wateja wake waje washangae bahari imefikaje Kahama. Mimi nikaagiza jiwe la matumbawe kwa Abdulhalim, muuzaji wa Dar. Wanaliita jiwe hai, maana linakuja na viumbe wake humo humo. Basi mimi kazi yangu ikawa kuwakagua kwa kioo cha kukuzia… kinyota kama punje ya mchele, vikonokono, minyoo yenye manyoya. Nikishajua jina la mmoja, nafurahi siku nzima. Mnicheke tu!

Mara samaki wakaanza kupotea. Mmoja mmoja. Halafu ndani ya nyumba ikawa inasikika ngo! ngo! Mlangoni ukienda, hamna mtu.

Huku kwetu nyumba ikianza kujigonga, hakuna anayetafuta mdudu. Akaitwa mganga. Akasema anayegonga ameletwa na mke.

Ndiyo nikafukuzwa. Nikaondoka na begi, na jiwe langu kwenye ndoo ya maji yake. Rafiki yangu Tabu akanipokea kwake Isaka.

Kesho yake tunakunywa chai… ngo! ngo! ngo!

Tabu akaweka kikombe chini.

"Vumi… kimekufuata?"

Nilijiogopa mwenyewe, wapendwa. Nililia, nikasema kumbe kweli ni mimi!

Ngo!

Safari hii nilikuwa nimeinama karibu na ndoo. Sauti ilitoka humo!

Nikalitoa jiwe, nikalitumbukiza kwenye beseni la maji ya bomba. Viumbe wa baharini hawayawezi maji yasiyo na chumvi. Haikuchukua muda, tundu moja likatema kidude cha kijani, urefu wa kidole. Macho juu ya vijiti, mikono kaikunja kama bondia!

Nikamrudisha haraka kwenye maji ya chumvi, nikampiga picha, nikamtumia Abdulhalim. Akanipigia.

"Dada, huyo ni jamii ya kamba wa baharini. Ana ngumi za kuvunjia konokono, na samaki anawamaliza. Si mumeo anamjua?"

"Anamjuaje?"

"Alishanitumia picha yake. Nikamwambia amtoe. Akanijibu, muache kwanza, ana kazi."

Nikakata simu.

Nikarudi Nyahanga na yule kamba kwenye chupa ya kioo. Nikamweka mezani mbele ya mama. Kamba akapiga kioo… ngo! Mama akaruka.

"Mchawi wenu huyu hapa, mama. Na Masele alimjua siku zote."

Mama akamgeukia mwanawe.

"Masele, ni kweli?"

Masele akaisukuma chupa pembeni.

"Nimepata mwingine, mama. Yuko Runzewe. Ungekubali nimwache Vumilia bila sababu? Ulikuwa unampenda kuliko mimi!"

Mama alilia kama yuko msibani.

"Ng'wanawane… mwanangu, nisamehe!"

Nikamkumbatia. Nikasikia mwili wake unakakamaa. Alikuwa anaomba msamaha huku anatetemeka. Bado ananiogopa!

Sikumlaumu. Nikachukua begi langu, nikaondoka.

Dada zangu, mume kupata mwingine kunauma, ila kunapoa. Mwogopeni yule anayekuchafua kwa watu wanaokupenda, ili yeye aondoke msafi. Huyo anakuibia zaidi ya ndoa.

Masele nimeshamsahau. Ninayemlilia mpaka leo ni mama yake.