Pasi ya Odhiambo

Jumamosi moja ya mwaka wa hamsini na nane, stesheni ya Thika ilikuwa imefurika watu. Gari la moshi la Nairobi lilikuwa limewasili, wapagazi wakigombania mizigo, na Waithira, aliyeshuka akitokea Ruiru na rinda lake jeupe la kwaya, akabanwa na mama aliyejitwika mkungu wa ndizi mbichi. Alipojinasua, utomvu ulikuwa umemchora kutoka begani hadi kiunoni.

"Haiya! Rinda langu!"

"Utomvu wa ndizi hautoki, dada," sauti ikasema nyuma yake. "Hilo doa utaingia nalo mbinguni."

Aligeuka na hasira zake. Akaona kijana mrefu, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, amekumbatia boksi la vifungo alilotumwa kuchukua.

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna. Naitwa Kagwe, fundi wa nguo pale barazani kwa Mhindi. Leta kitambaa. Nitakushonea rinda mpaka malaika waniulizie."

Waithira alikaza uso, lakini kicheko kilimponyoka. Kabla ya juma kwisha alikuwa barazani na yadi nne za poplini ya samawati, na kumpima kiuno kukachukua muda ambao hakuna kiuno kinachouhitaji.

"Fundi, kimebadilika tangu ulipokipima mara ya kwanza?"

"Nahakikisha tu, mpenzi wa kwaya."

Barazani pale walikuwa wawili, Kagwe kwenye cherehani na Odhiambo kwenye pasi ya makaa. Odhiambo alikuwa mtu mpole kutoka Nyanza, mwenye mke na mtoto mchanga, na chumba walichokaa nyuma ya duka kilikuja na kazi. Kola iliyopita mikononi mwake ilisimama yenyewe.

Waithira naye alipika chai katika ofisi ya shamba moja la kahawa huko Ruiru. Karani akitoka kwenda kula, yeye huinua simu na kuomba duka la Thika. Kagwe hupokea huku tajiri yake akimtazama.

"Nimekukumbuka," Waithira husema.

"Ndiyo, mama. Rangi hiyo tunayo. Tena tele."

"Mwongo wewe! Mhindi yuko hapo?"

"Karibu sana, mama."

Sasa sikiliza ujinga wa mapenzi. Ijumaa moja rinda lilikuwa tayari. Odhiambo alikuwa ameweka pasi kwenye kibao chake, akaenda kununua makaa. Tajiri naye alikuwa ametoka, na Kagwe hakuweza kungoja. Alitaka aweze kusema, nimelishona na kulipiga pasi mimi mwenyewe. Pasi ilikuwa kifuani mwa rinda simu ilipolia. Akaiacha hapo hapo, akakimbia kupokea. Alicheka na Waithira mpaka pua ikamwambia kuna kitu kinaungua.

"Nani choma hii?" tajiri aliuliza aliporudi, tundu la ukubwa wa kiganja likimtazama.

Kagwe akajibu, "Pasi ni kazi ya Odhiambo."

Neno hilo halikuwa uongo. Ndiyo maana lilimtoka kwa urahisi, na ndiyo maana lilimtafuna baadaye. Odhiambo aliporudi na gunia lake la makaa, alikuta amefutwa kazi na chumba akitakiwa kukihama kabla ya jua kutua.

"Mimi niliacha pasi kwenye kibao," alisema. "Kagwe, sema basi."

Kagwe aliinamia sindano, akajitia kutunga uzi. Uzi ulikataa kuingia. Aliendelea kuutunga mpaka nyayo za Odhiambo, za mkewe na kilio cha mtoto vikapotea kwenye kona ya barabara.

Alinunua poplini nyingine kwa mshahara wake, akashona upya. Waithira alipoambiwa, machozi yalimlenga.

"Kosa la mtu mwingine, na umelipa wewe? Kagwe, wanaume kama wewe wamebaki wangapi?"

Hapo ndipo Waithira alipompenda kabisa. Walitembea Jumapili nyingi kando ya mto Chania, yeye ndani ya rinda lile, akimsimulia kila rafiki habari za fundi mwenye moyo safi. Kila sifa ilimchoma Kagwe mahali palepale. Alipanga kusema kesho. Kesho akapanga keshokutwa. Miezi minane ikaisha hivyo, na posa ikapelekwa.

Wazee walikutana Gitothua, nyumbani kwa Simeon, babake Waithira. Kwa desturi yao, kinywaji kikiletwa na upande wa mwanamume, msichana huulizwa kama kinywewe. Akipiga funda la kwanza, amekubali kuolewa. Simeon alikuwa mzee wa kanisa na pombe haikuvuka mlango wake, kwa hiyo uliletwa uji uliochachishwa katika kibuyu kikubwa. Waithira aliingia na rinda la samawati.

"Waithira," Simeon aliuliza, "uji huu tuunywe?"

Akatabasamu, akainua kikombe.

"Ngoja!" Kagwe alisimama. "Usinywe. Rinda la kwanza nililichoma mimi. Odhiambo hakuwapo. Nilinyamaza, akafukuzwa pamoja na mtoto wake mchanga."

Waithira alishusha kikombe polepole.

"Siku ile ulikuwa unacheka na mimi kwenye simu?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo miezi minane nimekuwa nikivaa kazi aliyonyang'anywa mtu, na nikikusifu." Akamgeukia babake. "Baba, funika kibuyu. Kagwe, nenda umtafute. Akikubali kuketi hapa, nitakunywa. Akikataa, tafuta msichana mwingine."

"Uji utachacha zaidi, mwanangu," Simeon alisema.

"Basi uchache."

Kagwe aliuliza kila mahali kwa wiki mbili. Alimkuta Odhiambo upande wa Ngoliba, akikata mkonge juani, mikono imechorwa na miba.

"Umeniletea nguo za kupiga pasi?" Odhiambo aliuliza bila kuacha kukata.

"Nimekuja kusema nilichokosa kusema siku ile. Kwa tajiri nimeshasema. Amenifukuza."

"Na sasa unaona tuko sawa?"

"Hapana."

"Hatuko sawa. Wewe umefukuzwa peke yako. Mke wangu yuko Nyanza na mtoto, na mwaka huu sijawaona." Alifuta jasho. "Nani amekutuma?"

"Waithira. Amekataa kunywa uji wa posa mpaka uwepo."

Panga lilisimama hewani. "Msichana wa simu? Ameweka posa yake rehani kwa ajili yangu?"

"Ndiyo."

Jumapili iliyofuata Odhiambo aliketi Gitothua kati ya wazee, na kibuyu kipya kikafunuliwa. Waithira alipiga funda la kwanza. Kikombe, ambacho kwa desturi kingeenda kwa babake, akakipeleka kwa Odhiambo kwa mikono miwili.

"Nisamehe, kaka. Ile simu niliipiga mimi."

Odhiambo akanywa, kisha akalitazama rinda. "Mishono mizuri, shemeji. Lakini pasi imepigwa vibaya. Nani alipiga?"

"Kagwe."

Watu waliangua kicheko. Kagwe hakucheka. Alikuwa akiitazama mikono yenye makovu ya mkonge ikimnyooshea kikombe.

"Kunywa," Odhiambo alisema. "Nimekuja kwa ajili yake. Yetu sisi wawili tutayazungumza siku nyingine."

Kagwe alikipokea kikombe, akanywa, na uji ule mchachu ukashuka pamoja na machozi yake.